Tumemfundisha Nani Kuyaongoza Maji?

Ipo fani katika vyuo vyetu ambayo mwanafunzi wake akirudi nyumbani huulizwa, "Kumbe umesomea bustani?" Swali huulizwa kwa upole, lakini ndani yake mna dharau. Fani hiyo ni usanifu wa mandhari. Nimefundisha miaka ya kutosha kujua kwamba dharau hiyo haiishii sebuleni. Imo katika mitaala, imo katika ikama za halmashauri, na imo katika bajeti za miradi, ambamo "mandhari" ni mstari wa mwisho kuandikwa na wa kwanza kukatwa. Hoja yangu ni moja: nchi inayofurika kila masika, kisha ikadharau elimu ya kuipanga ardhi yake, imejichagulia mafuriko.

Nitaje mahali, ili tusibishane hewani. Mto Msimbazi unaanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, unateremka kupitia Vingunguti, Tabata na Kigogo, unafika Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Desemba 2011, mvua za siku chache ziliua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kutoa huduma mwaka 2016, karakana yake ilikuwa imejengwa palepale Jangwani, katika bonde ambalo miaka michache tu kabla lilikuwa limegeuka ziwa. Maji hufuata mkondo. Karakana ikafurika, Barabara ya Morogoro ikafungwa, na masika yaliyofuata tukashangaa upya.

Sidhani kwamba walioamua hivyo walikuwa wajinga. Nadhani kila mmoja alisomeshwa kipande chake akafaulu vizuri. Mhandisi alifundishwa kuyaondoa maji upesi. Msanifu majengo alifundishwa kwamba kazi yake inaishia kwenye uzio. Ofisa mipango miji alifundishwa kugawa ramani kwa rangi. Kulitazama bonde zima, kutoka chanzo hadi mlango wa bahari, kama kitu kimoja, kulibaki kazi ya fani ile tuliyoiita bustani, na fani hiyo haikuwa mezani.

Tufanye hesabu ya darasa la tano. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Milimita 50 juu ya kiwanja cha mita za mraba 600 ni lita 30,000. Kiwanja chenye udongo wazi, miti na majani hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Kiwanja kilichofunikwa kwa bati, zege na vitofali kutoka ukuta hadi ukuta huyasukuma karibu yote barabarani. Zidisha kwa viwanja 1,000: lita milioni 30 zinateremka kumtafuta aliye chini. Wa kilimani analala pakavu. Wa bondeni anapokea maji ya jirani asiyemjua. Kisha huyu wa bondeni tunamwita mvamizi, na yule aliyeuziba udongo kilimani hatuna hata jina la kumwita. Ana kibali cha ujenzi.

Mabadiliko ya tabianchi yanaizidisha hesabu hiyo. Kila hewa inapoongezeka joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka kwa takriban asilimia 7. Ndiyo maana mvua iliyozoea kugawanyika katika siku kadhaa sasa inaweza kumwagika katika saa chache. Mtaro uliokokotolewa kwa mvua za babu zetu hautawatosha wajukuu wetu, hata tukiufagia kila Jumamosi.

Wanaodhani fani hii ilizaliwa kwa ajili ya maua wasome historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1870, mji wa Boston nchini Marekani ulimwita Frederick Law Olmsted kwa sababu ya bwawa lenye uvundo, lililojaa majitaka na mafuriko. Alichokibuni ni mfumo wa kuyapokea maji, na mfumo huo ukawa bustani. Huko China, mafuriko ya Julai 2012 yaliua watu 79 Beijing. Profesa Kongjian Yu wa Chuo Kikuu cha Peking, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akipigania miji inayonyonya maji kama sponji, na mwaka 2015 serikali ikaanza kulijaribu wazo hilo katika miji kadhaa. Sisemi ni dawa ya kila gharika. Zhengzhou ulikuwa miongoni mwa miji iliyofuata mkondo huo, na mvua ya Julai 2021 iliua mamia ya watu. Nasema wenzetu wamelifanya jambo hili kuwa la dola, wanalipima, wanalikosoa na kulirekebisha. Sisi tumeliachia wauza miche.

Na hatuhitaji kupanda ndege ili tujifunze. Katika milima ya Mbinga, Wamatengo hulima kwa ngoro. Majani hukatwa na kulazwa miraba miraba juu ya mteremko mkali, kisha udongo huchimbwa katikati ya mraba na kuyafunika majani hayo. Mteremko mzima huwa vishimo na matuta. Mvua ikija, kila kishimo hushika sehemu yake, na udongo haukimbii. Kilimanjaro, Wachaga walichimba mifongo iliyoyaongoza maji ya mlimani hadi kwenye vihamba, na wakaweka utaratibu wa nani ayapate lini na nani asafishe mfereji. Shinyanga, Wasukuma walitenga ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yafunguliwe wakati wa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulijengwa juu ya maarifa hayo. Huo wote ni usanifu wa mandhari, na mabingwa wake hawakuwa na shahada. Mwanafunzi anayehitimu akizijua bustani za Ulaya kwa majina, lakini hajawahi kuchora hata ngoro moja, amesomeshwa kuishi kwingine. Mkataa kwao ni mtumwa.

Nitajibiwa kwamba hatuna fedha. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi, kwa kazi za kupanua mto, kujenga daraja jipya la Jangwani na kutengeneza bustani kubwa ya mji. Fedha hizo ni deni, na watakaolilipa ndio hawa waliomo madarasani leo. Basi swali ni hili: washauri wakifunga mikoba yao, nani atabaki anayejua kwa nini mteremko fulani ulichongwa hivyo, mti gani usikatwe, na tope liondolewe kabla ya masika yapi? Mradi usio na watunzaji waliosomea kazi hiyo ni mafuriko yaliyoahirishwa.

Naongeza onyo kwa wanafani wenzangu. Bustani isije ikawa jina jipya la kumwondoa maskini. Mabonde yamekaliwa na watu waliokosa pa kwenda, wengi wakiwa karibu na riziki yao ya Kariakoo. Mchoro unaopendeza kwa kufuta makazi yao bila fidia ya haki na bila usafiri wa kuwarejesha kazini ni dhuluma iliyopakwa rangi ya kijani.

Kwa hiyo nataka mambo manne. Kwanza, somo la bonde na maji liwe la lazima kwa kila anayesomea uhandisi, usanifu majengo na mipango miji, na lifanyike bondeni, viatu vikiwa na tope. Pili, kila halmashauri ya jiji na manispaa iwe na wasanifu wa mandhari katika ikama yake, wenye sauti katika kamati ya vibali. Tatu, kibali cha ujenzi kitaje sehemu ya kiwanja itakayoachwa na udongo wazi, na mkaguzi arudi kuiangalia. Nne, wazee wa ngoro, mifongo na ngitili waitwe vyuoni kama walimu, walipwe kama walimu.

Ndugu mtumishi wa umma, jambo la tatu liko ndani ya uwezo wa meza yako. Huhitaji mfadhili kuandika sharti. Ndugu mwanaharakati, usiishie kupinga bomoabomoa mabondeni. Panda kilimani ukahesabu zege. Nawe mwanafunzi, utakapoulizwa tena kama umesomea bustani, jibu kwamba umesomea maji yapite wapi na nani alale pakavu. Atakayecheka, muulize yeye anakaa upande gani wa mteremko.