Baiskeli ya kupelekea oda: mpya au mtumba? Mimi nasema mtumba, ila nenda na rula

Kuna swali naulizwa sana inboksi, hasa na ninyi mnaouza vitu vidogo vidogo mtandaoni: "Kaka, nataka baiskeli ya mbio ya kupelekea mizigo, nichukue mpya au mtumba?" Leo nawajibu wote kwa pamoja. Sijasomea ufundi, nimeishia kidato cha nne, ila hela iliyonifundisha ilitoka mfukoni kwangu.

Nauza viatu vya watoto hapa Sinza, pea 15,000. Mteja wa Mwenge ukimwambia bodaboda ni 4,000 anasoma ujumbe halafu kimya. Mimi kwa baiskeli namtoza 1,500 na bado kuna kitu kinabaki. Na kwa hizi safari fupi za lami, ile yenye tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo inakimbia kweli. Kwenye foleni unawapita wote.

Sasa twende kwenye hela. Jamaa yangu wa jirani alichukua mpya ya 350,000. Inang'aa, imeandikwa "ya mbio" ubavuni. Mwezi wa tatu pedeli inacheza, rimu ya nyuma imepinda, gia zinaruka zenyewe. Kwa bei ile mpya unanunua rangi na stika, vyuma vya ndani ni laini. Mpya nzuri zipo, sikatai, lakini bei yake ni mzigo mzima wa dukani. Kama hela hiyo unayo na haitoki kwenye mtaji, chukua tu, haya maneno hayakuhusu.

Mimi nikachukua mtumba wa Japani, 180,000. Fremu ya chuma, nyepesi, imenyooka. Nikajiona mjanja. Wiki mbili kabla ya Idi tairi la nyuma likapasuka Mwenge. Nikampelekea fundi wangu, mzee mmoja wa makamo, akaligeuza, akasoma maandishi, akacheka. "Dogo, hii ni 27. Hii sitakupatia."

Hapa ndipo watu wengi tunapigwa, kwa hiyo someni taratibu. Baiskeli nyingi za mbio za siku hizi zinatumia tairi la 700. Za zamani nyingi zinatumia inchi 27. Kwa macho huoni tofauti, hata muuzaji wakati mwingine haoni. Lakini ubavuni mwa tairi kuna namba ndogo: 700 imeandikwa mfano 28-622, na 27 imeandikwa 32-630. Hiyo namba ya mwisho ni upana wa duara la rimu kwa milimita. Tofauti ni milimita 8 tu, lakini tairi la 622 haliingii kwenye rimu ya 630 hata ulivute na nini. Ukisema uweke lile la 28 la Phoenix linalouzwa kila kona, hilo ni 635, linalegea. Nilizunguka Kariakoo siku mbili, wapi.

Siku hizo mbili ndizo zilikuwa siku za oda. Kuna mama aliagiza pea ya mtoto wake, nikamwambia kesho, kesho ikawa keshokutwa. Siku ya Idi akaniandikia: "Mdogo wangu, mtoto kavaa ndala." Hakutukana wala nini. Nilimrudishia hela yake, ila ujumbe ule sijaufuta mpaka leo.

Mwisho fundi akanitafutia rimu mbili za 700 za mtumba, 70,000, akashusha mipira ya breki kidogo ili iguse rimu, tairi mpya mbili 50,000. Jumla 300,000. Kwa hiyo ile baiskeli ya laki na themanini haikuwa ya laki na themanini. Na bado nasema mtumba, kwa sababu tangu hapo inatembea kila siku, na nikitaka kuiuza leo hela yangu kubwa inarudi. Ya jirani alipewa 120,000 na akashukuru.

Kwa hiyo ukiwa na laki tatu, tafuta baiskeli ya laki mbili. Hiyo laki moja ni ya fundi, usiiguse. Siku ya kununua beba rula ya shule, upande wa inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja ya cheni: cheni nzima, pini nyingine inakaa kwenye inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16, cheni imeisha. Ikizidi kwa 1/8, mara nyingi na meno ya nyuma yameisha nayo, shusha bei au ondoka. Geuza baiskeli chini juu, pitisha kidole kwenye maungio ya fremu, ukiona ufa au rangi imepasuka kwa mstari, acha. Vuta nguzo ya kiti. Ikigoma kabisa imeshaoza na fremu. Fremu ya kaboni ya mtumba mimi sinunui hata kwa bei ya kutupwa, ufa wake unaweza kuwa ndani usiuone.

Angalia pia kama kuna matundu ya kufungia keria nyuma. Za mashindano nyingi hazina, utabeba viatu mgongoni kwenye begi kama mimi na jasho litakutoka. Na ukikaa mtaa wa mchanga au matope ya masika, achana na tairi nyembamba kabisa, tafuta yenye tairi pana.

Halafu risiti au hata maandishi ya mkono yenye namba ya fremu, ile iliyogongwa chini ya pedeli. Baiskeli ya wizi itakupeleka kituoni na mizigo ya watu mgongoni.

Anayeenda kununua Jumamosi anitumie picha ya ubavu wa tairi. Picha ya rangi sihitaji.