Uasi wa Nani? Pwani ya Tanga na Kazi ya Kusoma kwa Makini

Agosti 1888, wakala wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, Emil von Zelewski, alipandisha bendera ya kampuni yake mjini Pangani na kutaka atiiwe. Wapangani walikataa. Haukupita muda mrefu, pwani ikawaka moto, na vita vikafika mpaka Lindi na Mikindani. Tarehe 15 Desemba 1889 kiongozi aliyevuma kuliko wote, Bushiri bin Salim, alinyongwa palepale Pangani.

Mambo hayo yamebaki na majina mawili. Wajerumani waliyaita "uasi wa Waarabu". Huku kwetu, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa pwani ya Tanga aliyeishi wakati wa vita hivyo, ametuachia utenzi unaojulikana kwa jina la Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Mwalimu anayetaka kuwafundisha vijana jinsi maandishi yanavyomvuta msomaji hahitaji kitu kingine kwa wiki nzima. Ayaandike majina hayo ubaoni, moja juu na jingine chini yake, kisha anyamaze awaachie wanafunzi.

Watagundua mengi. Watu huasi mwenye haki ya kuwatawala. Basi anayesema "uasi" ameshapitisha hukumu kabla ya kusimulia kisa: kampuni iliyoshuka pwani juzi imekuwa mwenye nyumba, na mwenyeji amekuwa mkorofi. Neno "Waarabu" nalo lina kazi yake. Bwana Heri wa Saadani, aliyeendelea kupigana hata baada ya Bushiri kunyongwa, alikuwa na nguvu zake miongoni mwa Wazigua. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake Feasts and Riot cha mwaka 1995, ameonyesha jinsi watu wa kawaida wa miji ya pwani na wa bara walivyoingia kwa wingi katika mapambano hayo. Neno moja limewafuta wote.

Lilikuwa na faida gani? Jibu liko Berlin. Januari 1889 bunge la Ujerumani liliidhinisha mark milioni 2 za kumpeleka Hermann von Wissmann pwani na jeshi. Kuomba fedha za umma ili kuiokoa kampuni ya biashara iliyoshindwa kukaa na watu ni kazi ngumu. Kuomba fedha za kuwapiga Waarabu wauza watumwa ni kazi rahisi, na hivyo ndivyo zilivyoombwa. Hapa ndipo mwanafunzi anapaswa kukaa muda mrefu zaidi, kwa sababu biashara ya utumwa katika pwani hii haikuwa uzushi. Ilikuwepo, na ilikuwa dhuluma. Maandishi ya kushawishi yenye nguvu hayajengwi juu ya uongo mtupu. Huchukua jambo la kweli, yakaliweka mbele, na nyuma yake yakaficha jambo jingine. Anayejua kukamata uongo tu atapita hapo bila kuona kitu.

Mshairi naye aulizwe. Hemedi ni mtu wa Mrima, na "kutamalaki" ni kukitwaa kitu na kukifanya milki yako, kwa hiyo jina hilo nalo linashtaki. Kijana akimhoji Mjerumani akamwacha Hemedi kwa kuwa ni wa kwetu, atakuwa amechagua upande, na kusoma bado.

Miaka 62 baada ya kifo cha Bushiri, mwana mwingine wa pwani hii alitoa kitabu ambacho hakiwezi kusomwa kwa haraka. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Machui, kusini mwa mji wa Tanga, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni alipochapisha Kusadikika mwaka 1951. Nchi anayoisimulia inaelea angani. Waziri wake, Majivuno, anamshtaki Karama kwa kosa la kuwafundisha watu uanasheria. Tuliangalie shitaka hilo kwa karibu: katika nchi hiyo, kuijua sheria ni hatari kwa dola. Mwandishi hakuongeza maelezo. Amelitamka shitaka kama linavyotamkwa barazani, kwa sauti ya kiserikali, akamwachia msomaji ashtuke mwenyewe.

Karama naye anajitetea kwa njia ya ajabu. Badala ya kulumbana na waziri, anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande zote za dunia, juu mbinguni na chini ardhini, kuleta mambo ya manufaa, na ambao waliporudi nchi yao iliwalipa kwa adhabu. Visa sita, mfululizo, mshtaki akiwa amekaa anasikiliza. Huo ni ufundi wa hoja unaostahili kufunuliwa hatua kwa hatua darasani: kwa nini sita na si kimoja? Kwa nini majina yote hayo ni ya sifa njema, na la waziri ni la kiburi? Kwa nini nchi iko angani? Swali hili la mwisho ndilo tamu. Ofisa wa mkoloni ambaye angelalamika kwamba ametajwa, angekuwa amejitaja mwenyewe.

Kijana wa leo hukutana na kazi kama hii kwa mlango gani? Mara nyingi sana ni kupitia kijitabu cha uchambuzi. Humo dhamira zimeshaorodheshwa, wahusika wamepewa sifa, migogoro imetajwa, tamathali za semi zimechomolewa kama mifupa ya samaki. Kijana anakariri, anaingia kwenye mtihani, anafaulu, na riwaya yenyewe hajaigusa. Kusema kweli, hilo ni jambo la kusikitisha, na lawama si yake. Darasa lina wanafunzi wengi, nakala za riwaya ni chache, mtihani unakuja. Lakini kejeli iliyotafunwa na mtu mwingine haina ladha tena, na fumbo lililofumbuliwa kabla halimfundishi mtu kufumbua.

Na ni pwani hii hii ambako watoto hukua katikati ya mafumbo! Mtu apite maduka ya kanga ya Ngamiani asome majina ya kanga. Achukue ile inayosema "Usisafirie nyota ya mwenzio". Mama akimpa binti yake anayeondoka nyumbani, ni wosia. Akijitanda mwanamke mbele ya jirani anayemuiga kila kitu, ni mkuki. Akiivaa mke mbele ya mke mwenziwe, kila aliyepo barazani anajua kilichosemwa, ingawa hakuna aliyefungua kinywa. Maneno ni yaleyale. Binti wa Tanga wa miaka kumi na miwili anajua tayari kuuliza: nani kavaa, mbele ya nani, siku gani, na kwa nini leo? Hayo ndiyo maswali ambayo msomaji makini anamuuliza mwandishi wa tahariri, mtunga hotuba ya kampeni, na mtu anayetuma kwenye simu ujumbe unaoanza na "Tahadhari" na kuishia na "Tuma kwa wenzako". Anayo elimu hiyo, ila shule haijamwambia kwamba ni elimu.

Walimu wa Kiswahili wa Tanga, Muheza, Pangani na Mkinga wana nafasi ya kuanza bila kusubiri mtaala mwingine. Kipindi kimoja kwa wiki kinatosha. Mwanafunzi mmoja alete tangazo, mwingine kanga ya mama yake, mwingine ukurasa mmoja wa Kusadikika, na darasa lipigie mstari neno moja tu linalobeba mzigo wote, kisha waseme ni nani ametajwa na ni nani ameachwa nje. Kijitabu cha uchambuzi kibaki kabatini mpaka wamalize. Na siku moja katika muhula waende Pangani kwenyewe. Ni kama kilomita 50 tu kutoka Tanga mjini: darasa linaweza kutoka asubuhi, likasimama mahali bendera ile ilipopandishwa, likarudi jioni, lile jina la Wajerumani na lile la utenzi yakiwa daftarini.