Mikono ya Hiari
Tangu Millard na Linda Fuller walipoasisi shirika la Habitat for Humanity huko Marekani mwaka 1976, baada ya kuijaribu rai yao nchini Zaire, mafukara wengi wamepata makazi yenye staha kwa mikono ya watu wasiotaka ujira. Na hata Jimmy Carter, aliyekwisha kuwa Rais, hakuona haya kushika nyundo mwaka 1984, akaendelea nayo hadi umri wa miaka 95. Lililo bora zaidi, kwa maoni yetu, ni kwamba mwenye nyumba naye hutoka jasho pamoja na wajenzi wake, na kwa kanuni ya waasisi hulipa deni lake pole pole, pasipo riba, hata asiingie mlangoni kwa unyonge. Twawasihi vijana wenye afya na wasaa wajitolee, japo siku moja.