Roketi Ndogo na Anga la Kibaha na Kisarawe: Sheria Inataka Nini?

Ndege inayotua katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere (JNIA) ikitokea upande wa kusini-magharibi hushuka ikiwa juu ya maeneo ya Wilaya ya Kisarawe na vilima vya Pugu. Kwa mteremko wa nyuzi 3 ambao ndege kubwa hutumia kwa kawaida, ndege iliyo kilomita 15 kutoka kwenye njia ya kutua huwa takribani mita 800 juu ya usawa wa uwanja. Zikibaki kilomita 6, urefu huo hupungua hadi karibu mita 300. Vilima vya Pugu na Kisarawe navyo vinakaribia mita 300 juu ya usawa wa bahari, ilhali uwanja wenyewe haufiki mita 60. Anga iliyo kati ya kilima na ndege ni finyu kuliko inavyoonekana kwa mtu aliyesimama shambani.

Hesabu hiyo ndiyo msingi wa swali linalowahusu walimu, wazazi na vijana wa wilaya mbili zilizo jirani na Dar es Salaam: je, mtu anaweza kurusha roketi ya mfano kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha, na kwa masharti gani?

Roketi ya mfano ni bomba jepesi la karatasi ngumu, lenye mapezi ya mbao laini au plastiki na parachuti ndogo ya kuirejesha chini. Husukumwa na injini ya kiwandani inayotumika mara moja. Injini ndogo ya kawaida, yenye gramu 10 hadi 12 za baruti nyeusi, inaweza kuipandisha roketi nyepesi hadi takribani mita 300. Injini kubwa zaidi huipeleka kilomita moja na kuendelea. Kwa mwanafunzi wa fizikia, mrusho mmoja unafundisha kanuni za Newton, ukinzani wa hewa na hesabu za kasi kwa namna ambayo ubao hauwezi.

Chombo hicho kidogo kinagusa sheria katika maeneo mawili tofauti.

Eneo la kwanza ni anga. Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80, inasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Aidha, Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo viwango vyake vinataka shughuli yoyote inayoweza kuhatarisha ndege za kiraia iratibiwe mapema na wasimamizi wa anga. Pale ambapo sehemu ya anga italazimika kufungwa kwa muda, viwango hivyo vinataka marubani wapewe taarifa angalau siku 7 kabla. Rubani anayeshuka kuelekea JNIA hana njia ya kujua kwamba darasa la kidato cha tano limekusanyika uwanjani Kisarawe, isipokuwa mtu awe ametoa taarifa.

Eneo la pili ni injini. Baruti, hata ikiwa gramu chache, imo ndani ya mipaka ya Sheria ya Baruti, Sura ya 45, iliyotungwa mwaka 1963. Kuiingiza nchini, kuihifadhi, kuisafirisha na kuitumia kunahitaji kibali, na Tume ya Madini ndiyo yenye dhamana ya vibali vya baruti. Sheria hiyo huwagusa zaidi wenye migodi na machimbo ya mawe, lakini anayeagiza injini za roketi kutoka nje kwa mzigo wa posta naye hayuko nje ya wigo wake.

Wakazi wa ukanda huu wana sababu ya kutolichukulia jambo hili kwa wepesi. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011, ghala la silaha la kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto lililipuka. Makombora yaliruka na kuanguka katika makazi, zaidi ya watu 20 walipoteza maisha na maelfu walikimbia nyumba zao usiku huohuo. Miaka miwili kabla, tarehe 29 Aprili 2009, milipuko kama hiyo iliikumba Mbagala. Zile zilikuwa silaha za kivita, wala hazilingani na bomba la karatasi. Hata hivyo, mzazi wa Pugu aliyebeba mtoto gizani mwaka ule hawezi kutarajiwa kutofautisha mlio mmoja na mwingine. Mrusho usiotangazwa unaweza kuleta taharuki hata kama haukumdhuru mtu.

Historia ya burudani hii ughaibuni inaonyesha kwa nini udhibiti ulihitajika, na pia namna unavyoweza kuleta utata. Baada ya Umoja wa Kisovieti kurusha Sputnik mnamo Oktoba 1957, vijana wengi wa Marekani walianza kutengeneza roketi majumbani, na wapo waliojeruhiwa au kufa wakichanganya kemikali. Suluhisho lililoleta nafuu lilikuwa kutenganisha kazi mbili: fundi wa kiwandani atengeneze injini, kijana aunde chombo tu. Kanuni za anga za Marekani leo zinazitenga roketi ndogo zisizozidi gramu 1,500, zenye mafuta yasiyozidi gramu 125 na zisizo na vipande vikubwa vya chuma. Hata hivyo, vyama vya warusha roketi na mamlaka ya serikali vilishindana mahakamani huko kwa miaka kadhaa, kuanzia 2000, juu ya swali moja: je, mafuta ya injini kubwa ni kilipuzi au ni kitu kinachoungua tu? Mwaka 2009 mahakama iliwapa ushindi warushaji.

Funzo lake kwa Tanzania ni kwamba ugumu huanza pale chombo kidogo na chombo hatari vinapobeba jina moja. Mwanafunzi mwenye gramu 12 za baruti na mchimbaji mwenye magunia ya vilipuzi wanahitaji kudhibitiwa wote, ila si kwa uzito uleule.

Nchi imekwisha kupita njia hiyo katika ndege zisizo na rubani, maarufu kama ndege nyuki. Kanuni za mwaka 2018 ziliweka utaratibu wa usajili na vibali chini ya TCAA, ukiwahusu hata wanaorusha kwa burudani. Mwaka huohuo, ndege ya aina hiyo ilifanyiwa majaribio ya kupeleka dawa katika kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria. Utaratibu na ubunifu vilikwenda pamoja. Nchini Kenya, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta wameunda na kurusha roketi ndogo kupitia mradi wa Nakuja, wakiwa chini ya mwavuli wa chuo chao. Taasisi inapobeba dhamana, mamlaka hupata mtu wa kuzungumza naye.

Mkoa wa Pwani una taasisi za namna hiyo. Shule ya Sekondari Kibaha, iliyoanza mwaka 1965, imelea vijana wenye vipaji vya sayansi kwa miongo mingi. Minaki, wilayani Kisarawe, ni miongoni mwa shule kongwe nchini. Mwalimu anayetaka kuanza leo anaweza kutumia roketi ya maji: chupa ya plastiki, maji kidogo na pampu ya baiskeli. Haina baruti, haipandi zaidi ya makumi ya mita, na inafundisha kanuni zilezile.

Anayetaka kwenda mbele hadi kwenye injini ya baruti aanze kwa barua: kwa Tume ya Madini kuhusu injini, kwa TCAA kuhusu mahali, siku, saa na urefu wa mrusho, na taarifa kwa Jeshi la Polisi na serikali ya mtaa au kijiji. Eneo liwe wazi, mbali na nyumba na majani makavu ya Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, na mbali na nyaya za umeme za kilovolti 25 za reli ya kisasa zinazopita Pugu na Soga. Injini isitengenezwe nyumbani kwa hali yoyote.

Kwa upande wa mamlaka, kazi iliyopo ni kuweka daraja la roketi ndogo za kielimu, lenye mipaka ya uzito, baruti na urefu, na mlango mmoja wa kuombea kibali. Bila mlango huo, mwenye kiu ya kujaribu atajaribu kichakani, bila mwalimu na bila taarifa, huku ndege iliyojaa abiria ikishuka juu yake.