Mashine Ilishafika Misisi, na Mama Twangaise Hakuulizwa

Viongozi wetu wameanza kuzungumzia akili mnemba. Wanapanda ndege, wanakaa kwenye kumbi zenye viyoyozi, wanarudi na kutuambia kwenye redio kwamba Kongo isibaki nyuma, na kwamba lazima tujiandae kwa siku mashine zitakapochukua kazi za watu. Nawajibu kutoka Baraka: siku hiyo ilishapita. Mashine ilipanda mlima wa Fizi, ikashuka Lulimba, ikafika Misisi kwenye machimbo ya dhahabu. Kazi iliyoichukua ilikuwa ya mama zetu, na sikusikia mheshimiwa hata mmoja akiitisha mkutano kwa ajili yao.

Asiyewahi kufika kwenye machimbo aelewe kwanza kazi yenyewe. Jiwe likitoka shimoni halina faida kwa mtu yeyote mpaka livunjwe, litwangwe liwe unga, unga uoshwe, kisha zebaki ikusanye chembe za dhahabu. Kwa miaka mingi kutwanga huko kulikuwa mikononi mwa wanawake, Misisi kama kwenye mji wa dhahabu wa Kamituga: kinu cha chuma, mchi wa chuma, mtoto mgongoni, vumbi la mawe puani kuanzia asubuhi hadi jua linapozama. Hao ndio mama twangaise. Hawakuipenda kazi hiyo kuliko nyingine. Walisukumiwa huko na imani iliyotawala machimbo ya Kivu, kwamba mwanamke akiingia shimoni dhahabu inakimbia. Shimo likawa la wanaume. Wanawake wakaachiwa vya juu: kubeba, kutwanga, kuosha, kupika. Wajane wa vita vyetu walilea watoto kwa mchi huo. Wako vijana waliosomeshwa kwa vumbi hilo, na baadhi yao leo wana ofisi na saini.

Kisha ikaja konkaseri. Huko Kamituga mashine hiyo ilianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 2010, na huku kwetu haikuchelewa. Ni pipa la chuma lenye mipira ya chuma ndani, na moteri ya mazutu inalizungusha. Mawe yanaingia, unga unatoka, na mzigo ambao ungewatesa wanawake kadhaa kutwa nzima unakwisha kabla chai haijapoa. Wenye mashimo, wale tunaowaita PDG, walifanya hesabu upesi: kwa nini nilipe mikono mingi wakati moteri haichoki, haiuguzi mtoto, haiombi mchanga wa kwenda kuoshea nyumbani?

Msije mkaniambia kwamba naililia kazi ya kinu. Kazi ile ilikuwa mateso. Vumbi la mawe linaua mapafu polepole, na mgongo ulioinamia kinu miaka kumi haunyooki tena. Mashine iliyompumzisha mama kwenye kazi hiyo ingestahili vigelegele, laiti pumziko hilo lingekuja na chakula. Lilikuja na sufuria tupu. Mgongo ule wa mwanamke uliwatajirisha watu wengi, na siku ulipopata nafuu, nafuu hiyo ilihesabiwa kuwa faida ya mtu mwingine.

Tunaambiwa kwamba teknolojia ikifunga mlango mmoja hufungua mwingine. Ni kweli, nendeni mkatazame milango hiyo. Ipo ya fundi wa moteri, ya mchomeleaji, ya mwendesha mashine, ya kijana wa pikipiki anayeleta mazutu. Nani aliwahi kumkabidhi mama twangaise spana? Nani alimfundisha kufungua moteri? Kazi mpya zilipita mbele ya macho yake zikaenda kwa wanaume, kama shimo lilivyokwenda kwa wanaume, na safari hii hapakuwa hata na imani ya kusingizia. Yeye amerudishwa nyuma zaidi: kuokota mabaki, kubeba magunia kwa malipo ya leo kwa leo, au kujiuza gizani pembeni mwa machimbo. Nalisema wazi kwa sababu kila anayeyajua machimbo analijua, na kunyamaza kwetu ndiko kunakoliendeleza.

Wakati huohuo bei ya dhahabu ilikuwa inapaa. Mwaka 2001 wakia moja iliuzwa chini ya dola 300 kwenye soko la dunia. Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Dhahabu ya Kivu inayochimbwa kwa mikono kwa kiasi kikubwa huvuka mipaka kwa magendo, na nyingi huishia Dubai. Sehemu yake huingia hata kwenye viungo vidogo vya simu hizi tunazoshika. Fedha hiyo yote ilipita juu ya kinu. Katika machimbo mengi mwenye mashine hubaki na mchanga uliokwisha kusagwa, na mchanga huo bado una dhahabu ambayo sianidi huja kuitoa baadaye. Zamani mwanamke aliweza kupata fungu lake la mchanga akaliosha, akaambulia chembe ya kununulia unga. Leo hata hilo lina mwenyewe.

Kwenye Ziwa Tanganyika mambo yalikwenda tofauti, na tofauti hiyo inafundisha. Wavuvi wetu wa ndagala waliteketeza mafuta ya taa usiku kucha kwenye karabai, na sehemu kubwa ya mapato ikaishia kwenye galoni. Zikaja taa ndogo za betri zinazochajiwa kwa jua. Mwenye mtumbwi mmoja aliweza kununua, na jirani yake vilevile, na fedha ya mafuta ikabaki mfukoni mwa mvuvi. Ziwa lenyewe linapata joto na samaki wanapungua, hilo ni kilio kingine. Lakini hapakuwa na tajiri mmoja aliyemiliki mwanga wa Tanganyika nzima. Taa ilikuwa rahisi, ikafika kwa wengi. Konkaseri ni ghali, ikafika kwa wachache. Kwa hiyo anayetuambia kwamba haya ni maendeleo tu, hayana mtu wa kulaumiwa, anatudanganya. Kuna aliyekuwa na mtaji, kuna aliyekuwa na kibali, na kuna aliyefungiwa nje ya vyote viwili.

Serikali inazo sheria. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inawataka wachimbaji wadogo wajiunge katika koperative. Ipo SAEMAPE, idara ya umma iliyoundwa kuwasaidia na kuwaongoza wachimbaji hao, utaalamu wa kazi ukiwemo. Basi nauliza hadharani, mbele ya wenye jibu: katika koperative za Fizi, ni wanawake wangapi wanaokaa kwenye kamati? Ni mama twangaise wangapi waliofundishwa kuendesha au kutengeneza mashine iliyowaondoa kazini? Tuwekeeni idadi hiyo mezani kabla hamjatuletea semina nyingine ya akili mnemba.

Na msiseme haiwezekani. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, wanawake wachimbaji walianzisha chama chao, TAWOMA, mwaka 1997, na wapo wanawake wenye leseni za uchimbaji kwa majina yao. Ni wanawake kama wetu, wanaozungumza lugha hii hii. Hapa Fizi mama zetu wanacheza likelemba, ule mchezo wa kupokezana fedha, wanaweka akiba kwenye vikundi, wanakopeshana na kulipana bila polisi wala hakimu. Watu wenye nidhamu hiyo ya fedha hawashindwi kumiliki konkaseri. Wanachokosa ni mkopo wa kuongezea akiba yao, kibali kisichonunuliwa kwa rushwa, na kiwanja ambapo mwenye bunduki hatakuja kudai gawio.

Wabunge wetu wa Fizi walioko Kinshasa, na ninyi mlioko kwenye bunge la jimbo, miaka imepita na hamjalisema jambo hili kwa sauti inayofika kwetu. Lisemeni sasa. Kila koperative inayoomba kutambuliwa Fizi ionyeshe viti vya wanawake kwenye kamati. Kila anayeleta konkaseri mpya atenge nafasi za mafunzo na fungu la mchanga kwa waliokuwa wakitwanga hapo. Vikundi vya akina mama vipewe mkopo wa mashine ya kwanza, kwa masharti yanayosomeka kwa Kiswahili. Nanyi akina mama wa Misisi, msingoje kuitwa: nendeni na likelemba zenu hadi ofisi ya sekta ya Ngandja, ombeni kibali kwa maandishi, na atakayewakatalia, mtakeni aandike sababu na aweke saini yake chini.