Miombo ichomwe Juni, isingoje Septemba

Oktoba 2020, moto ulipoteketeza takriban kilomita za mraba 95 za Mlima Kilimanjaro, Watanzania waliona kwenye simu zao jinsi wanafunzi na wanavijiji walivyopanda mlima kuwasaidia askari wa uhifadhi kupambana nao. Picha zile zilituachia fikra iliyo sahihi kwa mlima ule lakini yenye madhara kwingineko, kwamba kila moto ndani ya hifadhi ni adui na wajibu wa serikali ni kuuzima. Sehemu kubwa ya ardhi tuliyowatengea wanyamapori ni miombo: Hifadhi ya Taifa Nyerere yenye kilomita za mraba zaidi ya 30,000, Selous, Katavi, Rungwa, Moyowosi. Huko nyasi hurefuka wakati wa mvua, huanza kukauka Mei, na mara nyingi haziumalizi mwaka bila kuguswa na moto. Naamini mamlaka zinazosimamia mapori hayo zinapaswa kuyachoma zenyewe kwa makusudi, mwanzoni mwa kiangazi, kipande hiki na kile, na kazi hiyo ipewe uzito uleule wa doria dhidi ya majangili.

Ushahidi wenye nguvu zaidi uko kwa jirani zetu, Ndola nchini Zambia. Tangu mwaka 1933 wataalamu wa misitu walitenga viwanja vya miombo. Vingine vikachomwa mapema kila mwaka, vingine vikachomwa mwishoni mwa kiangazi, na vingine vikakingwa visifikiwe na moto kabisa. Miongo michache baadaye, viwanja vilivyochomwa mwishoni vilikuwa vimegeuka mbuga ya nyasi yenye miti ya kuhesabika, vya moto wa mapema vilikuwa bado na miti yake, na vilivyokingwa vilikuwa vimesongamana. Sababu zake si fumbo. Mwezi Juni nyasi bado zina unyevu, umande hushuka usiku, na moto huwa mfupi, hujifia wenyewe ukifika bondeni au penye kivuli. Kufikia Septemba nyasi zimekauka kabisa na upepo umekolea. Tena miti ya miombo ina desturi ya kuchipua majani kabla ya mvua za kwanza, kwa hiyo moto kichaa huikuta pale inapoweza kuumia zaidi.

Serengeti nayo ina somo ambalo hatujalitumia vya kutosha. Sotoka iliwafyeka nyumbu tangu miaka ya 1890. Ng'ombe wa pembezoni walipochanjwa na ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu katika miaka ya 1960, idadi yao ilipanda kutoka kama 250,000 hadi zaidi ya milioni moja kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970. Walikula nyasi ambazo zamani zilikuwa zikiungua, eneo linaloteketea kila mwaka likapungua mno, na miti ikaongezeka, bila kikosi chochote cha zimamoto kuhusika. Kwenye miombo hakuna kundi kubwa la namna hiyo. Udongo wake ni dhaifu, nyasi zake zikikomaa huwa ngumu zisizolika, na mbung'o wamewafukuza ng'ombe kwa vizazi vingi. Nyasi hizo, chakula cha moto, hubaki palepale mpaka mtu aziondoe.

Wapo wanaouliza kuhusu vifaranga, kobe na mizinga ya nyuki, na swali lao ni la haki, kwa kuwa moto wa Juni nao huua. Lakini moto mdogo huacha mapengo ya kukimbilia, na majani yanayochipua nyuma yake ni malisho ya palahala na korongo katika miezi ya njaa. Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba kuchoma mahali palepale kila mwaka, hata mapema, hudumaza miche ya miti. Hilo ni kweli. Ndiyo maana kipande kilichochomwa mwaka huu kinapaswa kupumzishwa mwakani, na hilo linawezekana, maana ramani za setilaiti zinazoonyesha palipoungua zinapatikana bure.

Kuna pia hofu ya kumkabidhi mwanakijiji kiberiti. Tayari anacho. Mlina asali, mwindaji na mkulima anayesafisha shamba huwasha moto kila mwaka, na katazo peke yake huwafanya wauwashe kwa siri na kuukimbia. Kaskazini mwa Australia, wenyeji wa asili walipoondoka kwenye nyanda za juu za Arnhem katika karne ya 20, moto mkubwa wa mwisho wa kiangazi ulishika nafasi yao. Tangu 2006 walinzi wenyeji wamekuwa wakichoma mapema eneo la takriban kilomita za mraba 28,000, na kwa miaka mingi kampuni ya gesi iliwalipa kwa gesijoto walizozizuia zisipae angani. Kwetu Kilwa, Mpingo Conservation & Development Initiative imewahi kufanya uchomaji wa mapema pamoja na vijiji vyenye misitu yao, hivyo jambo hili si geni nchini.

Kilimanjaro iachwe nje ya mpango huu. Miti ya Erica ya kule juu hunasa maji ya ukungu, na moto wa miongo ya karibuni umeushusha ukingo wa msitu kuelekea chini. Pale inafaa kuwahi kuuzima, na kusimamia kwa ukali majiko ya kambini na moto wa walina asali.

Kwa miombo, kikwazo kinachoweza kuondolewa mwaka huuhuu ni kalenda ya fedha. Mwaka wa serikali huanza Julai 1, ilhali muda salama wa kuchoma huanza Mei na kufikia Julai unakaribia kwisha. Fedha zikingoja mwaka mpya, zitalifikia pori nyasi zikiwa zimeshakauka, na mhifadhi atabaki na kazi ya kuzima tu. Wabunge wanapojadili makadirio ya Wizara ya Maliasili na Utalii, wadai fungu la uchomaji litolewe katika robo ya Aprili hadi Juni, pori kwa pori, na ifikapo Agosti kila pori lieleze hadharani limechoma hekta ngapi, wapi, na zipi limezipumzisha.