Samaki Tumkunje, Lakini kwa Wakati Wake

Wazee wetu walinena: samaki mkunje angali mbichi. Sipingani nao. Lakini wengi wetu tumeishika methali hii upande mmoja. Twakunja tu, wala hatutazami mtoto amefika rika gani.

Mimi mwenyewe nilighafilika. Mwanangu alipotimia miaka 15 alianza kunisaili: kwa nini twafanya hivi, kwa nini jirani hafanyi, na yeye atakuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia hana adabu. Akanyamaza. Akawa akila, atoka, akirudi, alala. Kumbe alikuwa akinipigia hodi, nami nikamfungia mlango.

Mtaalamu Erik Erikson, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902 na kuhamia Marekani mwaka 1933, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1950 kwamba maisha ya mtu yana ngazi 8, na 5 za mwanzo ni za utoto na ujana. Mtoto mchanga hujifunza kuamini: nikilia, yuko wa kunijia? Akianza kutembea hutaka kujitendea mwenyewe, hata kama viatu amevivaa kinyume. Akikaripiwa kila mara, hubaki na haya na shaka. Baina ya miaka 3 na 6 hubuni michezo, apikie vifuu, ajifanye nahodha. Akiingia shule na chuoni hutaka kuona kazi yake imetimia na kusifiwa. Kisha huja ujana na swali lake moja kubwa: mimi ni nani?

Tusidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Dini yetu ilitupangia ngazi zamani. Mama anayetaka kutimiza kunyonyesha ana miaka 2 kamili. Mtoto akifika miaka 7 aamrishwe Sala. Akifika 10 akaziwe, na watoto watengwe katika malazi. Akibaleghe, kalamu yaanza kumwandikia. Tazama mpango huo: kwanza rehema, kisha mafunzo, kisha mkazo, na mwisho mzigo aubebe mwenyewe.

Hapo kwenye mwisho ndipo tunapokosea. Kijana ambaye sheria yamhesabu mukallafu, atakayejibu peke yake mbele ya Mola wake, sisi nyumbani twamnyima hata ruhusa ya kuuliza. Twamtendea kama wa miaka 5. Basi swali lake hulipeleka wapi? Hulipeleka maskani, kwa yeyote mwenye masikio, na miongoni mwao wamo wauza unga.

Wako watakaosema kwamba ukimpa kijana nafasi atakupanda kichwani. Nami nasema, kusikiliza si kukubali kila neno. Sala ni Sala, na heshima ni heshima. Lakini amri bila ya maelezo yamtosha mtoto wa miaka 7. Wa miaka 15 ataka kujua sababu.

Usiku mmoja baada ya Isha nilimwita mwanangu barazani, nikamwambia, "Haya baba, niulize." Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza. Mengine nilimjibu, mengine tulibishana, na moja nilikiri silijui. Tangu siku hiyo amerudi kuzungumza nami.

Enyi wazazi wenzangu, kijana wako akipiga hodi, mwitikie karibu.